Mayotte na Karatasi Itokayo Mbali

Miongoni mwa shehena zinazoshushwa katika bandari ya Longoni, kisiwani Mayotte, zimo bidhaa ambazo ni nadra kutajwa katika habari za dunia: karatasi za chooni, karatasi za jikoni, leso za karatasi na nepi za watoto. Ni vitu vyepesi, hutumiwa mara moja na kutupwa. Hata hivyo, atakayeuliza vinatoka wapi, na kwa nini vinatoka mbali kiasi hicho, atajikuta anasoma historia ya kisiwa hicho ambacho wenyeji wake hukiita Maore.

Karatasi laini ina tabia ya pekee katika usafirishaji. Kontena hujaa kabla halijawa zito, kwa kuwa sehemu kubwa ya kilichomo ni hewa. Hivyo mnunuzi hulipia nafasi melini kuliko anavyolipia uzito. Kwa sababu hiyo, nchi nyingi hupenda kutengeneza karatasi ya namna hii karibu na watumiaji. Lakini kiwanda cha karatasi hudai mambo manne: miti au rojo la mbao, maji mengi, nguvu za umeme, na soko kubwa. Tanzania ilipofungua kiwanda cha Mgololo mwaka 1985, nyuma yake ilikuwapo misitu ya kupandwa ya Sao Hill. Mayotte ina eneo la kilomita za mraba 374 tu, na katika sensa ya mwaka 2017 ilikuwa na watu 256,518. Misitu ya kuvunwa kwa kazi hiyo haina, na maji yenyewe ni ya shida.

Aidha, karatasi ya chooni si desturi ya asili ya kisiwa hicho. Karibu wakazi wote ni Waislamu, na kwa mila ya Waislamu usafi ni maji. Nyumba iliyokuwa na kata na mtungi haikuhitaji meli kutoka Ulaya. Katika enzi ya mashamba ya miwa, na baadaye ya vanila na mlangilangi, kisiwa kilipeleka mazao nje. Karatasi ilikuwa kitu cha maofisa na watumishi wa Kifaransa. Kuenea kwake majumbani kulifuata mishahara, maduka makubwa na maisha mapya, na hayo yote yalifuata uamuzi wa kisiasa.

Ufaransa ilijipatia Mayotte kwa mkataba wa mwaka 1841, na baadaye visiwa vyote vinne vya Komoro vikawa chini yake. Katika kura ya Desemba 22, 1974, karibu asilimia 95 ya wapiga kura wa visiwa hivyo walitaka uhuru, lakini Mayotte, peke yake, ilikuwa na wengi waliokataa. Wengi walikuwa bado wana uchungu wa uamuzi wa mwaka 1958 wa kuhamisha makao makuu kutoka Dzaoudzi kwenda Moroni. Uhuru ulitangazwa Julai 6, 1975, na Novemba 12 mwaka huo Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro kuwa nchi ya visiwa vinne. Ufaransa ikabaki Mayotte. Mwaka 2009 wakazi walipiga kura ya kuwa mkoa wa Ufaransa, na hilo likatimia mwaka 2011.

Mpaka huo uliochorwa baharini haukuwatenganisha watu pekee, bali uligeuza pia njia ya bidhaa. Gati la kina kirefu la Longoni lilifunguliwa mwaka 1992, na sehemu kubwa ya mahitaji ikawa inanunuliwa Ufaransa na nchi nyingine za Ulaya. Tangu mwaka 1995, mtu wa kisiwa cha Nzwani, kilicho kilomita 70 hivi kutoka hapo, huhitaji viza kuingia Mayotte. Askari wa Tanzania waliotua Nzwani Machi 2008 pamoja na wenzao wa Umoja wa Afrika wanaujua ukaribu huo: Mohamed Bacar, kiongozi wa uasi, alivuka na kukimbilia Mayotte. Wengine waliojaribu kuvuka kwa mashua ndogo hawakufika. Taarifa ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilikadiria kuwa watu kati ya 7,000 na 10,000 walikuwa wamezama tangu 1995. Karatasi ya kutoka Ulaya yapita, jirani azama.

Gharama ya njia hiyo ndefu huangukia mikono ya wenye nyumba. Mwishoni mwa Septemba 2011 ulianza mgomo mkubwa dhidi ya ughali wa maisha, ukadumu zaidi ya mwezi mmoja. Mwaka uliofuata Ufaransa ilitunga sheria ya kupanga bei ya baadhi ya mahitaji ya kila siku katika maeneo yake ya ng'ambo. Hata hivyo, mwaka 2022 bei za Mayotte kwa jumla zilizidi zile za Ufaransa kwa asilimia 10, katika kisiwa ambacho mwaka 2018 watu 77 katika kila 100 walikuwa maskini kwa kipimo cha Ufaransa yenyewe. Na hospitali ya kisiwa imekuwa ikizalisha watoto wapatao 10,000 kwa mwaka. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, bei ya nepi si jambo dogo.

Kisha yakaja majaribu. Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, manowari Mistral ilitumwa kupeleka shehena. Mwaka 2023 ukame ulisababisha mabomba kufungwa siku mbili katika kila tatu, na askari wakasaidia kugawa maji ya chupa. Desemba 14, 2024, kimbunga Chido kikabomoa makazi, na misaada ikaletwa kwa ndege na meli kutoka Réunion. Ukame huo ulionyesha jambo zito: desturi ya kale ilitegemea maji, desturi mpya yategemea meli, na kisiwa chaweza kukosa vyote viwili kwa pamoja.

Mlinzi wa bandari au wa mpaka anajua kwamba usalama wa nchi hauhesabiwi kwa silaha pekee. Huhesabiwa pia kwa vitu vidogo ambavyo nyumba haiwezi kukaa wiki moja bila kuwa navyo, na kwa umbali wa mahali vinakotoka. Mayotte imepata mengi kwa kufungamana na Ufaransa, yakiwamo mashule na hospitali. Lakini bado inanunua mbali hata kitu cha kutupwa, na mlango wa jirani umefungwa. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wa Mayotte humtegemea aliye mbali zaidi ya ndugu.