Neno "Makwerekwere" na Historia Yake katika Afrika Kusini

Katika lugha za mijini za Afrika Kusini limo neno makwerekwere, litumikalo kumtaja kwa dharau mgeni mweusi atokaye nchi nyingine za Afrika. Aghalabu huelezwa kuwa asili yake ni mwigo wa sauti, yaani jinsi maneno ya mgeni yanavyosikika masikioni mwa asiyeyafahamu. Wayunani wa kale nao walimwita mgeni barbaros kwa njia iyo hiyo. Hivyo mtu hatajwi hapa kwa dini wala kwa rangi, bali kwa ulimi wake.

Wageni hao si wa jana wala juzi. Dhahabu ilipogunduliwa Witwatersrand mwaka 1886, na katika miaka iliyofuata, makampuni ya migodi yaliajiri maelfu ya watu wa Msumbiji, Basutoland na Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo. Waafrika Kusini nao, walipokimbia ubaguzi, walipokewa ugenini. Huko Mazimbu, karibu na Morogoro, chama cha ANC kilipewa ardhi, kikaanzisha shule mwaka 1978.

Mwezi wa Mei, 2008, ghasia zilizuka Alexandra, Johannesburg, zikaenea kwingineko. Watu 62 waliuawa, na zaidi ya 100,000 wakayahama makazi yao. Washambuliaji waliwatahini watu kwa kuwauliza jina la kiwiko kwa Kizulu, nalo ni indololwane. Aliyeshindwa alihesabiwa mgeni. Lakini nchi hiyo ilikuwa na lugha rasmi 11, na msemaji wa Kitsonga au Kivenda aweza kuwa raia asilijue neno hilo. Katika waliouawa, 21 walikuwa raia.

Tangu mwaka 2020 mwito wa kuwafukuza wageni umeenea sana katika intaneti, na mwaka 2021 likaundwa Soweto kundi la Dudula, jina la Kizulu lenye maana ya kusukuma. Katika maandishi hayo sauti ya mgeni haisikiki tena; neno la dharau huwafikia watu ambao hawajapata kumsikia akinena. Sheria dhidi ya matamshi ya chuki ilitiwa sahihi Mei, 2024.

Mtunga kamusi alitiaye neno hili yampasa, basi, kuonyesha pamoja na maana yake dharau iliyomo na madhara yaliyotokea.