Nyuzi za poliesta: kutoka punje hadi kitambaa

ZAIDI ya nusu ya nyuzi zote za nguo zinazotengenezwa duniani hazitoki shambani wala kwa kondoo, bali hutokana na plastiki iliyoyeyushwa. Hizi ni nyuzi za poliesta, ndugu wa nailoni.

Nailoni ilipatikana kwa mara ya kwanza Februari 28, 1935, katika maabara ya kampuni ya DuPont nchini Marekani, kwenye kundi la watafiti lililoongozwa na mkemia Wallace Carothers. Mwenyewe alifariki dunia Aprili 1937, kabla ya soksi za nailoni kuanza kuuzwa nchini humo kote Mei 15, 1940. Poliesta inayovaliwa leo iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson.

Kazi huanza kwa kukausha punje za plastiki kwa saa kadhaa. Asiyeijua kazi hii huenda akaidharau hatua hiyo, lakini ndipo hasara nyingi huanzia. Katika joto la sentigredi 280 hivi, maji kidogo tu hukata minyororo ya molekuli za poliesta, na uzi hukosa nguvu, ukakatika mashineni. Kwa hiyo unyevu hushushwa hadi chini ya asilimia 0.005.

Punje zilizokauka huyeyushwa ndani ya parafujo kubwa inayozunguka, kisha pampu husukuma ujiuji huo kupitia chujio na sahani ya chuma yenye matundu membamba, kila moja likiwa na upana usiofika nusu milimita. Uchafu kidogo ukiziba tundu moja, uzi wote huharibika. Nyuzi zinazochuruzika hupozwa kwa hewa, hupakwa mafuta na kuzungushwa kwenye vibiringo, mara nyingi kwa kasi ya mita 3,000 au zaidi kwa dakika.

Hata hivyo, uzi huo bado ni dhaifu. Ni lazima uvutwe tena ili molekuli zake zijipange kuelekea upande mmoja. Hapo ndipo hupata uimara wake.

Chupa za maji ya kunywa hutengenezwa kwa plastiki hiyo hiyo, hivyo huweza kusagwa na kugeuzwa nyuzi. Tatizo ni uchambuaji: vipande vichache vya PVC vikichanganyika humo hutoa asidi vinapopata joto, na poliesta yote huharibika.