Nusu ya Jadi: Mwami, Mteko na Ndoto za Ulaya katika Nyanda za Buha

Mwanzoni mwa karne ya 20 Ulaya ilizaa kundi la watu walioukataa usasa kwa jina la mambo ya kale. Mjini Vienna, kuanzia 1905, Jörg Lanz von Liebenfels alichapisha jarida la Ostara, lililochanganya elimu ya siri na imani ya damu bora. Mjini Munich, mwaka 1918, Rudolf von Sebottendorff alikusanya watu wa aina hiyo katika Chama cha Thule. Baadaye wakaja wenye kina zaidi: Mfaransa René Guénon, aliyeushtaki ulimwengu wa kisasa katika kitabu cha 1927 kabla ya kuhamia Cairo na kuishi huko kama Mwislamu hadi kufa kwake, na Mwitaliano Julius Evola, aliyetangaza uasi dhidi ya ulimwengu huo mwaka 1934 na kujipendekeza kwa Mafashisti. Hawa wawili walikubaliana kwamba jamii njema hutawaliwa kutoka juu, kwa mamlaka yenye asili ya mbinguni. Walibishana juu ya nani mkubwa. Guénon alimweka kuhani juu ya mfalme. Evola alitaka mfalme shujaa awe kuhani wa nafsi yake. Mabishano hayo yalikuwa ya vitabuni, kwa kuwa falme walizozililia zilikuwa zimekufa zamani au hazikuwahi kuwapo. Lakini katika nyanda za juu za Kigoma, kutoka Kibondo hadi Kasulu, jamii iliyo hai ilikuwa imekwisha kulijibu swali lao kwa namna ambayo wote wawili wasingeikubali. Utawala wa kikoloni uliivunja namna hiyo, kisha ukaita vipande vyake jadi.

Kwanza tuone kilichokuwapo. Buha, nchi ya Waha katika nyanda hizo, haikuwa ufalme mmoja. Zilikuwapo Heru, Muhambwe, Buyungu na nyinginezo, kila moja na mwami, yaani mfalme, wake, na nyingi zilikuwa chini ya koo za Kitutsi zenye undugu na desturi za Burundi na Rwanda. Mwami alikuwa na ng'ombe, na kwa ng'ombe alijenga utii: mtu alipewa mnyama kwa mkataba wa ubugabire, akawa na mlezi, na mlezi akawa na mtu wa kumtumikia. Ardhi lakini ilikuwa na mwenyewe mwingine. Kila eneo lilikuwa na mteko, ambaye mamlaka yake yalitangulia kufika kwa watawala wenye ng'ombe. Mteko ndiye aliyewajua ingabo, yaani mizimu ya milima, mito na miamba ya mahali hapo. Ndiye aliyeonyesha mgeni pa kulima, aliyesuluhisha ugomvi wa mipaka, na aliyetambika mvua ilipochelewa au wanyama walipoharibu mashamba. Mwanahistoria Michele Wagner, katika utafiti uliochapishwa 1996, ameonyesha jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ujuzi wa mazingira kwa kiwango kilekile ilivyokuwa ibada. Watawala wa Kitutsi hawakuwaondoa wateko. Kuwaondoa kungekuwa kukata tawi walilolikalia, kwa sababu mwami asiyepatana na wenye ardhi hakuwa na njia ya kuifanya nchi izae. Basi utakatifu uligawanywa. Mwami alikuwa nao, na ngoma zake na mazishi yake vilikuwa na miiko mikubwa, lakini hakuwa nao wote. Aliyekuwa na nusu ya pili aliishi kijijini, akalima kama wenzake, wala hakuwa na askari.

Mzungu aliyefika hapa alikuja na macho yaliyokwisha kufundishwa. Wapelelezi Burton na Speke waliingia Ujiji Februari 1858, na miaka mitano baadaye Speke alichapisha nadharia yake kwamba watawala wafugaji wa eneo la maziwa makuu walikuwa kizazi cha wageni kutoka Uhabeshi, watu wa damu bora kuliko wakulima waliowatawala. Ulaya ya wakati huo ilikuwa tayari kuliamini neno hilo, kwani Mfaransa Gobineau alikuwa amekwisha kuandika, kati ya 1853 na 1855, kwamba ustaarabu wote hutoka kwa tabaka la mabwana wa asili moja na hufa damu yao ikichanganyika. Hapo ndipo Ostara ya Vienna na taarifa za maofisa wa Afrika Mashariki zinapokutana. Sidai kwamba bwana shauri wa Kasulu alisoma vitabu vya Lanz, wala kwamba Evola aliwahi kusikia jina la Heru. Nadai kwamba walikunywa katika kisima kimoja. Hans Meyer, yuleyule aliyepanda Kilimanjaro hadi kileleni mwaka 1889, aliwaandikia Wajerumani kitabu juu ya Warundi kilichotoka 1916, akiwachora Watutsi kama mabwana wa asili. Mwanaanthropolojia Seligman naye mwaka 1930 aliwafundisha wanafunzi wa Kiingereza kwamba kila lililo bora katika historia ya Afrika lililetwa na wageni hao wa kufikirika. Kwa macho kama hayo, mwami alionekana upesi. Mteko, mkulima aliyetambika chini ya mti, hakuonekana kama mamlaka. Alionekana kama mganga, au mchawi.

Wabelgiji waliishika Kigoma mwaka 1916, wakaikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921. Kilichofuata kimeandikwa katika sheria mbili, na nadhani ni kosa kuzisoma kila moja peke yake. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, chini ya Gavana Donald Cameron wa Tanganyika, ilimfanya mtawala wa jadi kuwa mkono wa serikali: akusanye kodi, aendeshe baraza, alipwe mshahara. Sheria ya Uchawi ya 1928, iliyochukua nafasi ya ile ya 1922, iliweka chini ya tishio la kifungo mambo mengi yaliyohusu nguvu zisizoonekana. Sheria ya kwanza ilimwinua mwami. Ya pili ilimwacha mteko bila mahali pa kusimama, kwani ofisa asiyeijua lugha hakuwa na njia ya kutofautisha tambiko la mvua na ulozi. Cameron alisema waziwazi kwamba hakutaka kumgeuza Mwafrika kuwa nakala ya Mzungu. Nia hiyo ilionekana ya heshima. Lakini alichokihifadhi kilikuwa mfalme asiye na wa kumzuia kutoka chini, aliyejibu kwa bwana wilaya peke yake. Katika mabishano ya Guénon na Evola, serikali ya Tanganyika ilikuwa imechagua upande wa Evola miaka minane kabla kitabu chake hakijatoka.

Atajibu mwenye kujua historia ya koloni kwamba yote haya yalikuwa suala la fedha. Waingereza walikuwa wachache, watawala wa kienyeji walikuwa rahisi, basi wakatumiwa. Ni kweli, na ushahidi wake Buha ni mzito kuliko mahali pengi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa miongo mingi Buha ilijulikana kama chimbuko la nguvu kazi: wanaume waliondoka kwa maelfu kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Nyumbani kodi ilimsubiri yule aliyebaki. Hata hivyo urahisi unaeleza kwa nini serikali ilitafuta wakala, hauelezi kwa nini ilimchagua huyu ikamwacha yule. Wateko walikuwa wengi zaidi, walikuwa karibu zaidi na watu, na wasingedai mishahara mikubwa. Hawakuchaguliwa kwa sababu picha ya mamlaka iliyokuwa kichwani mwa wateuzi ilikuwa na kiti, ukoo na ng'ombe. Fedha na ndoto vilifanya kazi pamoja, kila kimoja kikimkinga mwenzake asiulizwe. Miaka ya 1930 ndipo madhara yalipoonekana wazi. Kwa ajili ya malale, watu wa maeneo mengi ya Kibondo na Kasulu walikusanywa katika makazi mapya. Hatua ile ilikuwa na sababu za kiafya, na mbung'o aliua kweli. Lakini watu walihamishwa kutoka katika ardhi iliyokuwa na majina, mipaka na mizimu yake, na waliojua namna ya kuishi na pori hilo hawakuwa na kiti barazani.

Pingamizi la pili ni zito kwangu kuliko la kwanza: je, siwapambi wateko kama vile Evola alivyowapamba mashujaa wake? Tabaka la Watutsi halikubuniwa na Wazungu. Ubugabire ulikuwa na unyonyaji ndani yake, na mteko naye aliweza kumnyima mtu ardhi au kumtupia lawama ya ukame. Nakubali. Simtetei mteko kama mtu mwema. Ninachokitetea ni mgawanyo wenyewe, ule wa kutomwachia mtu mmoja ng'ombe, ardhi na mizimu kwa pamoja. Tazama ng'ambo ya mpaka. Nchini Rwanda, Wabelgiji walimwondoa Mwami Musinga mwaka 1931 kwa sababu, pamoja na mengine, alikataa ubatizo; mwanawe Rudahigwa akabatizwa mwaka 1943, na ufalme ukabaki na mamlaka makubwa kuliko ya kale huku ibada zilizoufunga zikiwa zimeng'olewa. Huko vitambulisho vilivyotaja ukabila vilimfuata kila mtu mfukoni. Buha iliponea chupuchupu, nadhani kwa sababu watawala wake walikuwa wengi na wadogo.

Liko pia pingamizi la siku zetu, nalo linasikika hapohapo Kasulu. Baada ya wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino lililoshika kasi kuanzia 2006 katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watoto walikimbiziwa katika shule ya Kabanga, Kasulu, walindwe nyuma ya ukuta. Je, hiyo si jadi ikionyesha sura yake? Nadhani sivyo. Mauaji yale yalihusishwa na biashara ya dhahabu na samaki, na watu waliotaka utajiri wa haraka na kulipa fedha taslimu kwa viungo vya binadamu. Tambiko la mteko lilikuwa la eneo zima, mchana, kwa ajili ya mvua ya wote. Uganga wa migodini ni wa mteja mmoja, usiku, kwa ajili ya mfuko wake. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wote wa jadi kwa mpigo, mganga wa mitishamba pamoja na mwuaji. Hasira yake ilistahili, lakini kapu lake lilikuwa lilelile la 1928, na sheria ile bado imo katika vitabu vya nchi.

Kuna jambo moja ambalo wapenda jadi wa Ulaya wangeshindwa kabisa kulimeza. Katika miaka ya 1950 aliyekalia kiti cha Heru, Kasulu, alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare, Mkristo aliyekwenda shule. Kwa Evola, mwanamke kutawala ilikuwa dalili ya dunia kuoza. Kwa Waha ilikuwa njia mojawapo ya kumpata mtawala. Serikali ya Tanganyika huru ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963, ilifuta kiti kilichokwisha kuwa ofisi ya kodi, na watu wengi hawakukililia. Mteko hakuwa na ofisi ya kufutwa. Operesheni ya kuhamia vijijini ilipoanza Kigoma mwaka 1972, familia ziliambiwa tena mahali pa kujenga na mahali pa kulima, na kwa mara ya pili katika miaka 40 hapakuwa na aliyepewa kazi ya kumuuliza anayeijua ardhi.