Njia ya Miguu ya Butiama

Mkoa wa Mara hauna baraste ya fahari iliyotengwa kwa waenda kwa miguu, kama zilivyo nazo baadhi ya bandari na miji mikuu ya dunia, lakini unayo njia ambayo nyayo za watu zimeitukuza kuliko lami: njia itokayo Mwitongo, Butiama, ambayo mkono wake mmoja waelekea Musoma ufukweni mwa Nyanza, na wa pili washuka kusini kupitia Bunda hadi Mwanza.

Mkono wa Musoma ndio wa kale. Mtemi Makongoro wa Ikizu, kwa kustaajabia akili ya mwana wa Mtemi Nyerere Burito katika bao, alimshauri baba yake ampeleke shule. Na mwaka 1934 mwana huyo, Kambarage, ndiye Julius Nyerere aliyekuja kuwa Rais wa Tanzania, umri wake takriban miaka 12, akaingia bweni la Mwisenge, maili 26 kutoka kwao, safari ambayo hata leo husimuliwa kuwa ni ya miguu. Nje kidogo ya mji ipo misheni ya Nyegina, alikobatizwa Desemba 1943.

Lakini tukio lililoipa njia hii hadhi ni la mwaka 1967. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari, raia, na hasa vijana, waliliunga mkono kwa matembezi marefu. Mmoja wao, Seti Benjamin, akafariki safarini. Oktoba, Rais mwenyewe akaondoka Butiama kwa miguu kwenda mkutano wa TANU Mwanza, mwendo wa maili zaidi ya 130. Apitaye leo kwa basi katika mbuga tambarare kati ya Bunda na Lamadi, penye mito ya Rubana na Mbalageti, ambako mti wa kivuli ni nadra na nyumbu huonekana dirishani, atatambua taabu iliyokuwamo kwa mtu wa miaka 45 ambaye hakuna aliyemlazimisha kuacha gari. Raia walitembea kwa ajili ya siasa yake, naye akawalipa heshima yao kwa kutembea.

Oktoba 1999 alizikwa Mwitongo, yaliko makaburi ya wazazi wake.

Yawapasa madiwani wa Butiama, Bunda na Musoma wasimamishe mawe ya maili kandokando ya njia hii, yakiandikwa mwaka na tukio. Na walimu wa Mara wawatembeze wanafunzi wao walau sehemu yake, wangali hai baadhi ya waliosimama kando ya barabara mwaka 1967 kumtazama akipita.