Joto katika uchotarishaji wa maharage

Joto katika uchotarishaji wa maharage ni wazo la kudhoofisha chavua ya mmea mama kwa usiku wenye joto, ili mtaalamu wa mbegu asilazimike kuhasi maua kwa mkono. Wazo ni jema, ingawa lina mipaka yake.

Kuhasi kwa mkono

Maharage (Phaseolus vulgaris) hujichavusha: vifuko vya chavua hupasuka kabla ya ua kuchanua. Anayetaka kuchanganya mbegu mbili hukiwahi kitumba siku moja kabla. Kwa kibano chenye ncha kali hufungua petali, akafika kwenye petali za ndani zilizojiviringa kama konokono, akang'oa stameni zote 10 bila kugusa stigma, kisha akapaka chavua ya baba. Ni kazi ya macho na subira kubwa. Vitumba vingi huanguka, na kinachoshika hutoa ganda lenye mbegu chache tu.

Athari ya joto

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka kwenye kunde, zilizochunguzwa Chuo Kikuu cha California, Riverside, miaka ya 1980. Usiku wenye joto uliharibu chavua ikiwa bado inakomaa, takribani siku 9 hadi 7 kabla ya ua kufunguka, na vifuko havikupasuka. Upande wa kike ulibaki mzima: maua hayohayo yalipopakwa chavua ya mimea iliyokua kwenye ubaridi, yalizaa. Kwa maharage pia chavua ndiyo hutangulia kuathirika. Joto likizidi, ua lote huanguka.

Chavua chache zikisalia, mmea hujichavusha. Ndiyo maana mama huchaguliwa mwenye maua meupe na baba mwenye ya zambarau. Zambarau hutawala, na chotara hujulikana kwa macho.

Kahama

Mbinu hii huhitaji mahali penye joto. Kahama, mkoani Shinyanga, Tanzania, Oktoba huwa na joto kali. Lakini wakulima wake hupanda choroko, dengu na kunde. Maharage huletwa sokoni kutoka Kagera na Kigoma. Utafiti wa maharage nao hufanyika kwingine, katika vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) vya Maruku, Uyole na Selian.

Mbegu zinazostahimili joto

Mwaka 2015 Kituo cha Kimataifa cha Kilimo cha Tropiki (CIAT) kilitangaza aina 30 za maharage zinazovumilia usiku unaozidi nyuzi 22 za sentigredi, baadhi zikiwa na damu ya tepari, spishi nyingine ya maharage. Hizo haziwezi kuwa mama kwa mbinu hii, kwa kuwa chavua yake haifi kwa joto. Nafasi yake ni ya baba.