Bohari Moja na Gharama za Tiba: Mambo ya Msumbiji

Kila mwaka bajeti zinaposomwa katika nchi za upande huu wa Afrika, huzuka swali lile lile: Serikali inapotia mkono wake katika matibabu ya wananchi, je, gharama hupanda ama hushuka? Wapo wanaoshika kwamba mkono wa Serikali ni mzito, kwamba huajiri makarani wengi kuliko waganga, na kwamba kitu cha bure hakina mwenyewe wa kukitunza. Wapo wanaojibu kwamba mgonjwa hana nguvu ya kupatana bei na mwuza dawa, na kwamba akiachwa peke yake hana budi kunyonywa. Pande zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini mara nyingi hubishana bila kutazama hesabu za nchi yo yote.

Jirani wa kusini, Msumbiji, alilijaribu jambo hili kwa vitendo tangu 1975, na katika muda wa miaka kumi na tano tu alikuwa amepitia hali zote mbili. Historia hiyo yawahusu askari kwa namna ya pekee, kwani ilianzishwa na wapiganaji, na sehemu yake kubwa ikaharibiwa kwa bunduki.

Samora Moisés Machel alikuwa muuguzi kabla hajawa askari. Alifanya kazi katika hospitali ya Miguel Bombarda mjini Lourenço Marques, mji ambao tangu 1976 unaitwa Maputo. Huko alijionea muuguzi mweusi akilipwa mshahara mdogo kuliko muuguzi mweupe kwa kazi ile ile. Mwaka 1963 alitoroka, akafika Dar es Salaam kujiunga na Frelimo. Vita vya ukombozi vilipoanza mwaka uliofuata, Frelimo ililazimika kuwatibu majeruhi wake yenyewe. Wengine waliletwa hadi hospitali ya chama hicho huko Mtwara. Wengine walitibiwa porini, katika sehemu zilizokombolewa za Cabo Delgado na Niassa, na vijana waliofunzwa uuguzi kwa muda mfupi. Dawa zilivushwa Mto Ruvuma, zikachukuliwa kwa miguu mwendo wa siku nyingi. Mtu anayebeba mzigo kichwani hachukui dawa za aina kumi kwa ugonjwa mmoja. Huchukua ile moja inayoponya, na huchukua nyingi ya hiyo. Atakayetaka kujua asili ya siasa ya dawa ya Msumbiji na aanzie kwenye mzigo huo.

Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975. Haikutimia hata miezi miwili: tarehe 24 Julai Serikali mpya ikataifisha huduma za afya pamoja na shule. Hospitali za watu binafsi zikawa za Taifa, na uganga wa kujitafutia faida ukafutwa. Miaka miwili baadaye, 1977, sheria ikaweka kwamba kinga yote ya magonjwa itolewe bure, na mgonjwa wa nje alipe ada ndogo tu.

Hapa pana jambo la kukiri, kwani wapinzani wa hatua ile hulitaja kila mara, nao wana haki ya kulitaja. Madaktari walikimbia. Katika nchi iliyokuwa na madaktari wapatao 500, katika muda mfupi hawakubaki hata 100. Daktari hafundishwi kwa mwaka mmoja wala miwili, na kumpata mwingine kutoka nchi za kirafiki kuna gharama zake. Hata hivyo, ni vema ikumbukwe kwamba wengi wa madaktari wale walikuwa Wareno, nao Wareno wa kila kazi walikuwa wakifunga mizigo yao wakati ule, mafundi wa reli na makarani wa benki pia. Tena madaktari hao walikuwa wamekusanyika mjini. Mkulima wa Niassa hakumpoteza daktari mwaka 1975, kwa sababu hakuwa naye mwaka 1974.

Tatizo la dawa lilikuwa la namna nyingine, na hapa ndipo penye fundisho kubwa. Wakoloni waliacha soko lenye maelfu ya dawa zenye majina ya biashara. Dawa ile ile moja iliuzwa chini ya majina mengi, kila kampuni na jina lake, kila jina na bei yake, na wakala wa kampuni akipita kwa waganga kuwasifia jina la kwake. Mgonjwa alinunua jina akidhani amenunua nguvu. Msumbiji iliunda kamati ya wataalamu wa tiba na dawa, ikaipitia orodha yote, ikauliza juu ya kila moja: yatibu nini? Iko nyingine itibuyo hayo hayo kwa bei nafuu? Mwaka 1977 kikatolewa kitabu cha dawa za Taifa chenye dawa mia chache tu, nao waganga wakaamriwa kuandika jina la asili la dawa, si jina la biashara. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima. Kwa hiyo Msumbiji haikuwa ikifuata nyayo za mtu, ilikuwa ikitembea sambamba.

Kisha likaja jambo la kununua. Badala ya kila duka kuagiza lake, shirika moja la umma, Medimoc, lilipewa kazi ya kuagiza dawa kwa nchi nzima kwa njia ya zabuni. Kiasi kinachohitajiwa kwa mwaka kilitangazwa, makampuni ya nchi mbalimbali yakaleta bei zao, na aliyekuwa na bei nafuu kwa dawa iliyo safi akapewa kazi. Askari hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Kikosi ambacho kila mtu hujinunulia buti zake dukani hulipa bei ya duka, na buti hazilingani. Kikosi kinachonunua kwa bohari moja hulipa bei ya kiwandani. Mwuzaji anayejua kwamba akikosa zabuni hii amekosa nchi nzima hushusha bei mwenyewe, wala hakuna haja ya kumkamata mtu kwa ulanguzi.

Kwa upande wa kinga, kati ya 1976 na 1978 vikundi vya chanjo vilizunguka nchi nzima, vikiwachanja watu dhidi ya ndui, surua, kifua kikuu na pepopunda. Zahanati na vituo vya afya, ambavyo wakati wa uhuru vilikuwa mia tatu na ushei, vilizidi elfu moja ilipofika katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1978 nchi ilianza kuwafunza wahudumu wa vijijini, watu waliochaguliwa na vijiji vyao wenyewe, ili maradhi madogo yasilazimike kusafiri hadi mjini.

Je, gharama zilishuka? Jibu lategemea gharama ipi. Neno hili moja hubeba mambo matatu, na ubishi mwingi hutokana na kuyachanganya. Bei ya dozi moja ya dawa ilishuka. Fedha alizotoa mgonjwa mfukoni mwake zilishuka pia. Lakini matumizi ya Hazina yalipanda, tena sana, hata afya ikachukua takriban sehemu moja ya kumi ya matumizi ya Serikali. Hapana ajabu hapo. Watu ambao kwanza hawakutibiwa kabisa sasa walitibiwa, na mtu asiyetibiwa ana gharama ndogo katika vitabu vya Hazina. Mhasibu anayetazama safu moja tu ya daftari aweza kusema kwamba Serikali ilipandisha gharama, naye asiwe amesema uongo; ila gharama aliyoilipa mama aliyemzika mtoto wa surua haikuwahi kuandikwa katika daftari lo lote.

Ndipo vita vikaja. Renamo, jeshi lililoundwa kwa msaada wa utawala wa walowezi wa Rhodesia na baadaye kulelewa na makaburu wa Afrika Kusini, lilifanya zahanati kuwa shabaha. Hili halikuwa ajali ya mapigano. Kituo cha afya kilikuwa ndicho kitu cha Serikali ambacho mwanakijiji alikipenda, na kwa sababu hiyo kilichomwa. Wauguzi waliuawa au kutekwa, na dawa zikaporwa. Mnamo mwisho wa miaka ya 1980 karibu nusu ya vituo vilikuwa vimeharibiwa au kufungwa. Dawa iliyonunuliwa kwa bei nafuu katika zabuni haikuweza kufika wilayani bila msafara wa magari na askari wa kuulinda, na kila askari, kila lita ya mafuta na kila lori lililolipuliwa kwa bomu la kutegwa liliongeza bei ya kidonge. Mwaka 1987 vikosi vya Jeshi la Wananchi wa Tanzania vilipelekwa Zambezia kusaidia ulinzi, vikarejea mwaka uliofuata. Wale waliokuwako hawakuhitaji mtaalamu wa uchumi kuwaeleza uhusiano kati ya barabara iliyo salama na bei ya dawa.

Januari 1987, ikiwa imeelemewa na vita, ukame na madeni, Serikali ya Msumbiji ilianza mpango wa kurekebisha uchumi chini ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Fedha ya nchi ikashushwa thamani, matumizi ya afya yakabanwa, na ada za matibabu zikapandishwa. Hoja ilikuwa kwamba mgonjwa akichangia, mzigo wa Serikali utapungua. Ulipungua kweli katika vitabu. Lakini mshahara wa muuguzi ulikuwa umekwisha kupoteza nguvu, naye alikuwa na watoto wa kulisha. Malipo ya chini ya meza yakaingia, na dawa za umma zikaanza kuonekana sokoni, zikiuzwa moja moja chini ya jua kama karanga. Mgonjwa akalipa mara tatu: ada halali, hongo, na dawa iliyokwisha nunuliwa kwa fedha zake mwenyewe.

Wizi huo wa dawa ni jambo ambalo askari polisi wa nchi zote jirani wanalifahamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya, na Tanzania tangu 1983, zilijaribu kuuzuia kwa njia nyepesi: dawa za zahanati zilifungwa pamoja katika masanduku yaliyopigwa lakiri, nayo hayakufunguliwa mpaka yafike. Lakiri iliyovunjika ilimwonyesha kila mtu kwamba pana mwizi, na ikapunguza maswali ya nani alipokea nini.

Kuhusu ada, Kenya yenyewe ilitoa ushahidi ulio wazi. Desemba 1989 iliweka malipo katika hospitali na vituo vya Serikali. Katika kliniki kubwa ya magonjwa ya zinaa mjini Nairobi, mahudhurio ya wanaume yalianguka hadi takriban 40 kwa kila 100 waliokuwa wakija kabla, na ya wanawake hadi 65. Zaraa na kaswende hazikupungua mjini kwa sababu ya ada. Wagonjwa walibaki nyumbani nazo, wakiambukiza, tena katika miaka ile ambayo Ukimwi ulikuwa ukienea. Mwaka 1990 ada ziliondolewa kwa muda, kisha kuanzia 1992 zikarudishwa kidogo kidogo.

Uganda ilikwenda njia ya pili. Machi 2001 ilifuta ada katika vituo vya Serikali, na watu wakafurika, hasa maskini. Hayo yalikuwa mafanikio. Lakini bohari haikuongezewa kwa kiasi hicho hicho. Dawa zilipokwisha, mgonjwa aliandikiwa cheti akanunue duka la jirani, na wataalamu walipochunguza baadaye walikuta kwamba nyumba maskini zilizofilisiwa na gharama za tiba hazikupungua kama ilivyotarajiwa. Serikali ilikuwa imefuta ada pasipo kujaza rafu. Tanzania nayo ilipiga marufuku uganga wa faida mwaka 1977, ikauruhusu tena 1991, na 1993 ikaanza kutoza ada katika hospitali zake. Hayo wasikilizaji wengi waliyapitia wenyewe.

Msumbiji ilipopata amani Oktoba 1992, mashirika ya kigeni yaliingia kwa makumi, kila moja na magari yake, mradi wake na hesabu zake, na mengi yakawavuta wauguzi wa Serikali kwa mishahara mizuri. Baadhi ya waliokuwa wakilaumu wingi wa makarani wa Serikali hawakusikika wakilaumu wingi wa makarani wa mashirika. Waganga binafsi nao waliruhusiwa kurudi. Ila katika mabadiliko yote hayo, kanuni mbili za 1977 hazikufutwa: dawa za hospitali za umma ziliendelea kuandikwa kwa jina la asili, na kununuliwa kwa zabuni kwa nchi nzima.