Chumba cha Kupanga: Makao Madogo katika Historia ya Kinondoni

Makao madogo yana namna nyingi duniani. Katika Marekani, tangu mwisho wa karne ya 20, wamezuka watu wajengao vijumba vya mbao juu ya matela na kukaa humo. Jay Shafer, aliyejenga chake mwaka 1999, ni mmoja wa waliovitangaza. Magurudumu ya vijumba hivyo hayakuwekwa kwa ajili ya safari tu. Sheria za miji mingi ya huko zilikataza nyumba iliyopungua kipimo fulani, lakini kilichosimama juu ya magurudumu hakikuhesabiwa kuwa nyumba. Gurudumu, basi, lilikuwa hila ya mtu mdogo mbele ya sheria ya ardhi na majengo.

Dar es Salaam haikuwa na desturi ya vijumba vya namna hiyo. Lakini jambo lenyewe, yaani jamaa nzima kuishi mahali pa hatua chache, na kuishi hivyo kwa sababu zilizo nje ya hiari yao, linajulikana sana Magomeni, Mwananyamala, Tandale na mitaa mingine ya Kinondoni. Jina lake ni chumba cha kupanga. Tofauti kubwa ni moja: kule nyumba yaweza kuhama pamoja na mwenyewe, huku nyumba hukaa, mpangaji ndiye ahamaye. Kwa hiyo historia ya chumba hicho ni historia ya haki ya kutulia mjini.

Asili yake imo katika mipango ya wakoloni. Wajerumani waliweka kanuni za majengo mwaka 1891. Mwaka 1924 Waingereza waliugawa mji katika kanda tatu: ya kwanza ya majengo ya Kizungu, ya pili ya maduka na makao ambamo Wahindi walikuwa wengi, na ya tatu ya nyumba za Waafrika. Kanda hizo zilitajwa kwa aina ya majengo, lakini aina ya majengo ilikuwa jina jingine la rangi ya mtu. Katika kanda ya tatu mtu aliweza kujenga kwa miti, udongo na makuti, juu ya kiwanja alichokishika kwa muda tu. Nyumba isiyo ya kudumu iliruhusiwa mahali ambapo mkaaji mwenyewe hakutazamiwa kudumu.

Kariakoo na Ilala zilipojaa, mji ulipanuliwa kuelekea Magomeni na Temeke baada ya Vita Kuu ya Pili, na Kinondoni ikafuata. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilionyesha wakazi wapatao 128,000 mjini. Ile ya mwaka 1967 ilionyesha wapatao 272,000. Wengi wa wageni hao hawakuwa na kiwanja, wala mshahara wa kujengea. Waliingia katika nyumba za watu, chumba kwa chumba.

Nyumba iliyowapokea huitwa nyumba ya Kiswahili. Mbele ina baraza; katikati hupita ukumbi mrefu, ambao siku hizi wengi huuita korido; vyumba huelekeana huku na huku, mara nyingi vitatu kila upande; nyuma ni uani, penye jiko, bafu na choo. Makuti yalipisha debe na bati, na udongo ukapisha matofali ya saruji, lakini mpango wenyewe haukubadilika upesi, maana uliwafaa pande zote mbili. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki vikamletea pango.

Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Chumba cha futi 10 kwa 10 humfundisha mkaaji hesabu ambayo hakuisoma shuleni. Kitanda huchukua sehemu kubwa. Kwa hiyo huinuliwa juu ya matofali, ili mvungu upate kimo na kuwa ghala. Humo huingia sanduku la nguo, sufuria, debe la unga na mkaa wa akiba. Pazia la kanga hukata chumba pande mbili, mmoja wa kulala na mmoja wa kupokea wageni. Misumari ukutani hufanya kazi ya kabati. Usiku viti hupandanishwa, jamvi likatandikwa kwa watoto. Alfajiri hukunjwa, na mahali pa kulala pakawa sebule tena. Mtoto wa kiume akipevuka hutafutiwa malalo kwa jamaa, au hulala ukumbini. Mgeni kutoka shamba hafukuzwi, jamvi husogezwa.

Lakini ni kosa kukipima chumba hicho kwa kuta zake peke yake. Kijumba cha Marekani hujitahidi kubeba jiko, choo na kitanda ndani ya ganda moja. Chumba cha Kinondoni hubeba kitanda. Mengine yote yako nje, nayo ni ya shirika. Jiko la mkaa huwashwa uani, na kila mke hujua mwenzake amepika nini. Kufagia uwanja na kuosha choo huenda kwa zamu. Madumu ya maji hupangwa kwa foleni, na mwenye kuruka foleni hukumbukwa mwaka mzima. Umeme ulipoingia, mita moja ilihudumia vyumba vyote. Hapo ikazuka kesi ya nani ana redio, nani ana pasi, na nani aliacha taa ikiwaka. Mita za LUKU za miaka ya 1990 hazikuiondoa kesi hiyo. Ziligeuza swali la nani alipe likawa nani akanunue. Jioni baraza hupokea waliobanwa ndani. Udogo wa chumba, basi, ulivumilika kwa sababu ya ujirani, na ujirani wenyewe ulihitaji muda wa kuota mizizi.

Muda huo ndio uliokosekana mara nyingi. Baada ya uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na katika Mpango wa Maendeleo wa 1964–1969 lilibomoa nyumba za udongo, Magomeni zikiwamo, na kujenga za saruji mahali pake. Kazi ilikuwa njema, lakini ilikuwa na gharama kubwa, na kujenga pale palipobomolewa hakukuongeza vyumba kwa kadiri ya watu. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilishika njia nyingine: ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikaweka barabara na maji, na kuwaachia watu wajenge wenyewe. Manzese nayo ilitengenezwa bila kuwahamisha wote. Njia hii ilimnufaisha zaidi mwenye uwezo wa kujenga. Mpangaji alibaki mpangaji.

Sheria ya kodi za pango ya mwaka 1984 iliweka mipaka kwa mwenye nyumba, lakini ilifutwa mwaka 2005. Desturi ya kudai kodi ya miezi 6 au 12 kwa mkupuo ikashamiri, na kibarua apataye ujira wa siku akatakiwa kulipa kama mtu wa mshahara wa mwaka. Wakazi wa Magomeni Kota waliondolewa, nyumba zao zikavunjwa. Ilipofika Machi 2022 ndipo yakafunguliwa maghorofa mapya yenye makao 644.

Hesabu ya mwaka 2022 ilipata watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Katika mitaa yao, mwisho wa mwezi huonekana mkokoteni uliobeba kitanda, godoro lililokunjwa, jiko na ndoo, na mwenye mali akitembea nyuma. Hayo ndiyo magurudumu ya Kinondoni. Mmarekani aliyafunga chini ya kijumba chake ili sheria isimwondoe. Mpangaji huyakodi kwa sababu sheria haimkingi vya kutosha mwenye nyumba atakapo kumwondoa. Wapangao miji hupenda kuuliza chumba kina futi ngapi. Wangemuuliza pia mkaaji ana miezi mingapi ya kukaa humo kwa amani, maana udogo umekwisha kuzoeleka. Kisichozoeleka ni kuhama.